La Jolla: Maji Yanayojua Saa

Mchana, maji ya La Jolla yalikuwa kama chai ya rangi iliyokolea majani. Hayakuvurugwa na mchanga wala hayakumwagiwa mafuta ya meli. Wekundu wake wa kahawia ulianzia pale mawimbi yanapovunjika ukaenda mbali baharini, hadi mahali ambapo rangi ilikatika ghafla na bluu ya Pasifiki ikaanza. Wimbi lilipoinuka, jua la adhuhuri lilipenya mgongo wake na kuuonyesha wekundu ule ukielea ndani, mzito huku, mwepesi kule. Harufu ilikuwa kali, ya mwani ulioanza kuoza. Mwari wa kahawia walipita chini chini juu ya maji, mmoja nyuma ya mwenzake, na sikumwona hata mmoja akijitosa.

Ilikuwa mwishoni mwa Aprili 2020. Mji wa San Diego, kusini kabisa mwa California, ulifungua fukwe zake tarehe 27 ya mwezi huo baada ya kuzifunga kwa sababu ya korona, lakini kwa masharti. Kutembea ruhusa, kukimbia ruhusa, kuogelea ruhusa. Kukaa mchangani marufuku. Kwa hiyo ufuko mzima ulikuwa mwendo mtupu. Akina mama walisukuma vigari vya watoto kwenye mchanga mgumu, wazee walipita wawili wawili wakiwa na barakoa, vijana walibeba mbao zao za kuteleza juu ya mawimbi kichwani. Upande wa kaskazini yalisimama magenge ya manjano ya Torrey Pines. Kusini, nyumba za La Jolla zilipanda kilima. Katikati yake, gati la Taasisi ya Bahari ya Scripps, lenye urefu wa zaidi ya mita 300, lilinyooka kutoka ufukweni hadi kwenye maji mekundu juu ya nguzo zake za saruji.

Watu wengi waliifuata bahari hii usiku. Picha za mawimbi ya bluu zilikwisha kusambaa kwenye simu, na kila jioni magari yalijipanga kwenye mitaa ya juu yakitafuta pa kuegesha, maana viwanja vya magari vya ufukweni vilikuwa bado vimefungwa. Mchana waliopita hapo walikunja pua. Nilisikia mtu akimuuliza mwenzake kama bomba la majitaka limepasuka. Mimi naona aliyekuja usiku peke yake aliondoka na nusu ya habari. Uchafu ule wa mchana na nuru ile ya usiku ni kazi ya kiumbe kimoja, katika zamu zake mbili, na zamu hizo ndizo zilizonipeleka pale saa zote za siku.

Kiumbe chenyewe kinaitwa Lingulodinium polyedra. Vitabu vya zamani vinakiita Gonyaulax polyedra. Ni planktoni wa seli moja, wa kundi la dinoflajeleti. Ukiviweka viumbe 25 hivi kwenye mstari, vitajaza milimita moja. Chini ya hadubini kinaonekana kimevaa deraya ya vibamba vya selulosi vyenye pembe pembe. Kina mijeledi miwili ya kuogelea, mmoja umekizunguka kiunoni, mwingine unaburuta nyuma. Ndani yake mna klorofili, kwa kuwa kinajitengenezea chakula kwa nuru ya jua, na mna peridinini, ambayo ndiyo inayoleta wekundu. Kimoja hakionekani kwa jicho. Vikiwa mamilioni katika ndoo, ndoo inabadilika rangi. Pwani hii imekuwa ikipata maji mekundu mara kwa mara, na wanasayansi waliyaandika tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini ya mwaka ule yalikuwa makubwa kwa namna isiyo ya kawaida, kutoka Baja California ya Meksiko kupanda hadi pwani za Los Angeles na kupita.

Wekundu haukai mahali pamoja. Asubuhi seli hizi hupanda karibu na uso wa maji, ambako jua ni jingi. Jioni hushuka kwenye maji ya chini, ambako naitreti inapatikana zaidi. Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba safari ya kupanda huanza kabla jua halijachomoza, na ya kushuka huanza kabla halijazama. Kiumbe kisicho na ubongo, kisicho na neva hata moja, hakingoji kuona mwanga ndipo kijue kumekucha.

Nilikaa, yaani nilitembea huku na huko, hadi magharibi. Mwishoni mwa Aprili jua la San Diego huzama kiasi cha saa 1:30 za usiku. Watu walianza kuteremka kutoka juu, wakasimama mbali mbali kama ilivyoagizwa, wakageukia bahari. Kwa muda hakukuwa na kitu. Mawimbi yalivunjika kijivu, kisha kijivu cheusi. Watoto waliuliza iko wapi, wazazi wakawaambia subirini. Baadhi walichoka, wakarudi kwenye magari yao. Katika giza la mwanzo kabisa niliona punje moja ya nuru kwenye povu jembamba linalorudi baharini, ikazimika, punde nyingine, kisha tatu pamoja. Yeyote aliyedhani kwamba giza likiingia taa zitawaka papo hapo angeshangaa jinsi zilivyochelewa. Giza lilikuwa limetimia, lakini saa ya kiumbe kile ilikuwa haijatimia.

Ilipofika saa 3, bahari ilikuwa imewaka. Wimbi lilikuja jeusi, halionekani, unasikia mvumo wake tu. Lilipokunja ukingo wake, mstari wa bluu ulitokea mahali pamoja na kukimbia pande zote mbili, mita 50, mita 100, kisha wimbi lote likaanguka katika mwako mmoja ulioonyesha nyuso za watu waliosimama mbele yangu. Rangi ile ni bluu kali yenye ukijani kwa mbali, isiyo na joto. Kwenye mchanga uliolowa kila hatua ilitoa mwanga chini ya kisigino, nao ulizimika kabla mguu wa pili haujatua. Vijana wa mbao walikuwa ndani ya maji. Huwaoni wao, unaona mchirizi wa ubao, na mikono yao ikichota nuru. Walipanda wimbi wakipiga kelele za furaha, na watu wa ufukweni, waliokuwa wamefungiwa majumbani mwao kwa majuma, waliwaitikia. Sikuwahi kusikia umati wa watu wasiojuana ukifurahi pamoja namna ile, kila mmoja amesimama mbali na mwenzake.

Katika umati huo nilisikia Kiswahili. "Msikae chini! Askari wanaangalia!" Mzee mmoja, kofia ya kufuma kichwani, alikuwa akiwakataza wajukuu zake waliotaka kujibwaga kwenye mchanga unaowaka. San Diego ina mtaa uitwao City Heights, ambako wamehamia watu wengi kutoka Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, wengine kupitia kambi za wakimbizi za Kenya. Yeye alikuwa mmoja wao, mzaliwa wa Barawa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutazama moto wa maji?"

Tulizungumza tukitembea, hatua kadhaa kati yetu. Ujanani alivua na baba yake kwa jarife. "Kwetu tuliyaona haya, ila si kwa wingi huu," alisema. "Usiku wa giza, mwezi haupo, unalitazama jarife chini ya dau, linawaka lote, tundu kwa tundu. Basi samaki naye analiona. Unarudi mikono mitupu." Akanyamaza, akilitazama wimbi lililokuwa linakuja. Kisha akaniuliza swali ambalo naliona bora kuliko yote niliyoyasikia ufukweni pale: "Na mchana mwanga huu uko wapi? Jua linaufunika, au wenyewe haupo?"

Swali la mzee yule lilijibiwa mwendo mfupi tu kutoka pale tulipokuwa, katika majengo ya Scripps yaliyo juu ya ufuko. Miaka ya 1950 alifanya kazi hapo mtaalamu wa mimea, Beatrice Sweeney. Mwaka 1955 yeye na mwenzake Francis Haxo walieleza jinsi walivyofaulu kuikuza Gonyaulax katika vyombo vya maabara, jambo lililokuwa gumu. Kutoka Chuo Kikuu cha Northwestern alikuja Woodland Hastings, aliyekuwa akichunguza kemia ya viumbe vinavyotoa nuru. Shabaha yao ilikuwa kemia hiyo: dutu gani inawaka, na inawakaje. Lakini chombo kile kile, chenye seli zile zile, kilitoa nuru nyingi kikitikiswa usiku na nuru haba kikitikiswa mchana, hata kama mchana huo kiliwekwa gizani. Tofauti ilikuwa mara makumi. Hapo saa ya siku ikawa ndiyo habari yenyewe.

Wakafanya jambo lililo rahisi kulieleza na gumu kulikanusha. Waliziweka seli katika mwanga hafifu usiobadilika, usio na asubuhi wala jioni, na joto lisilobadilika. Ukizitikisa saa zile ambazo nje ni usiku, zinawaka sana. Saa ambazo nje ni mchana, zinafifia. Siku baada ya siku mzunguko uliendelea, wa takriban saa 24, bila jua kuziambia kitu. Wakageuza taa za maabara, usiku ukawa mchana. Baada ya siku chache seli zikafuata ratiba mpya na kuishika hata baada ya taa kuachwa bila kubadilika tena. Mmweko mfupi wa mwanga katikati ya giza uliisogeza saa yao mbele au nyuma, kutegemea umezikuta saa ngapi. Haya waliyachapisha mwaka 1957 na 1958.

Wakati huo si wote walioamini kwamba kiumbe kinaweza kubeba saa ndani yake. Frank Brown, aliyefundisha chuo kile kile cha Northwestern, alishikilia kwamba midundo ya namna hii inatoka nje, katika nguvu za dunia inayozunguka ambazo vyombo vya maabara haviwezi kuzizuia. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Ila ukiwa na vyombo viwili katika chumba kimoja, juu ya dunia hiyo hiyo moja, kimoja kinawaka saa 6 za usiku na kingine saa 6 za mchana kwa sababu ulikizoeza hivyo, basi inakuwa vigumu kuisingizia dunia. Kisha kuna suala la joto. Kazi nyingi za kemia huharakishwa na joto, na kama saa ya seli ni kemia tupu, ingekimbia siku za jua kali na kuchelewa siku za baridi. Sweeney na Hastings waliipima katika joto tofauti tofauti, wakakuta haikimbii. Katika maji ya moto zaidi hata ilichelewa kidogo. Saa inayobadilika mwendo kila joto linapobadilika haikifai kiumbe kinachoishi baharini, na hiki kilikuwa na saa inayokifaa.

Nilimweleza mzee kwa kifupi: yote mawili ni kweli. Jua huufunika mwanga, na tena mwanga mkali huzizuia seli zisiwake. Lakini hata ukiliondoa jua, mchana mwanga wenyewe haupo. Alitikisa kichwa. "Basi kinajua," alisema, akawaita wajukuu zake.

Nilitaka kuliona jambo hilo kwa macho yangu mwenyewe, si kwenye vitabu tu. Nilijaza maji ya bahari chupa mbili za kioo, nikaenda nazo nyumbani. Moja niliiweka dirishani, ipate mchana wake wa kawaida. Ya pili niliifunga kwa kitambaa cheusi kabla ya alfajiri, nikaiweka kabatini, isiuone mchana kabisa. Kesho yake saa 6 za mchana nilijifungia ndani ya kabati la nguo, nikaziba ufa wa chini, nikangoja macho yazoee giza, nikazitikisa zote mbili. Giza. Labda punje mbili tatu, zilizotaka kuangaliwa kwa makini. Usiku, saa 4, ndani ya kabati hilo hilo na giza hilo hilo, nilizitikisa tena: ya dirishani ikajaa nuru hadi shingoni, na ile iliyofungwa kitambaani, ambayo haikuona jua likichomoza wala likizama, nayo ikawaka. Kitoto cha jirani, nilichokiruhusu kushika chupa mlangoni, kilikataa kuirudisha.

Kinachofanyika ndani ya seli kinastahili kuelezwa taratibu. Karibu na ngozi yake ya ndani mna vifuko vidogo vinavyoitwa sintiloni, kila kimoja kiasi cha nusu ya mikromita. Ndani ya vifuko hivyo mna lusiferini, dutu inayowaka, ambayo kwa umbo la kikemia ni ndugu wa klorofili. Mna protini inayoishikilia lusiferini isitumike ovyo. Na mna kimeng'enya, lusiferasi, kinachoiwasha. Maji yakisukasuka, iwe kwa wimbi, kasia au kisigino, utando wa seli unapata mshtuko, ishara inapita, na asidi inamiminika ndani ya kifuko. Asidi hiyo humfanya mshikaji aachie na mwashaji aamke. Nuru inatoka, takriban sehemu ya kumi ya sekunde, na kwisha. Urefu wa wimbi la nuru hiyo ni karibu nanomita 475, yaani bluu inayosafiri mbali katika maji ya bahari kuliko nyekundu au njano.

Hapo ndipo saa inapoingia. Seli hii haizimi taa zake asubuhi na kuziwasha jioni. Inazivunja. Kunapopambazuka lusiferasi na protini ya kushikilia lusiferini huanza kubomolewa, na sintiloni hupungua hadi kubaki chache. Jua linapokaribia kuzama, zinajengwa upya. Mwaka 1989 David Morse, akiwa na Hastings na wenzao, walionyesha kwamba maagizo ya kutengeneza protini hiyo ya kushikilia, yaani nakala zinazotoka kwenye jeni, yanakuwepo kwa kiwango kile kile mchana na usiku. Kinachobadilika ni kama yanasomwa au hayasomwi. Saa ndiyo inayosema sasa someni. Nikiyatazama mawimbi yale yaliyochelewa kuwaka wakati wa magharibi, niliwaza kwamba ndani ya kila tone viwanda vilikuwa kazini, na kazi ilikuwa haijaisha.

Kwa nini kuvunja kitu utakachokijenga tena baada ya saa kumi na mbili? Protini imejaa naitrojeni, na baharini naitrojeni ni haba. Mimi naona ni busara kutoiacha imelala katika taa isiyo na kazi mchana. Maana kazi ya taa ni ya usiku tu. Usiku ndipo kopepodi, viduduvidudu vya maji vya jamii ya kamba, wanapokuja kwa wingi juu kula planktoni. Seli ikiguswa na kopepodi inammulika, naye hushtuka na kuruka kando. Kuna maelezo mengine pia, aliyoyatoa Martin Burkenroad mwaka 1943: mwako huo humfichua mla-planktoni mbele ya samaki wanaomwinda yeye. Seli inayoliwa inaita adui wa adui yake. Mambo haya mawili hayapingani, na yote mawili hayana maana saa 6 za mchana, ambapo mwako wa bluu hauonekani na mtu wala samaki.

Mwanga si kitu pekee kinachoratibiwa. Usanisinuru hupanda hadi kilele karibu na adhuhuri. Kugawanyika kwa seli hutokea zaidi karibu na alfajiri. Kuna hata nuru ya pili, hafifu sana, isiyongoja kutikiswa, ambayo vyombo huinasa ikipanda kuelekea mwisho wa usiku lakini jicho haliioni. Mwaka 1993 Till Roenneberg na Morse walionyesha kwamba ndani ya seli moja hii mna saa mbili, zinazoweza kuachana mwendo zikiwekwa katika mwanga wa aina fulani. Mwaka 2017 Tuzo ya Nobeli ya tiba ilikwenda kwa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young kwa kufichua jinsi saa ya mwili inavyofanya kazi katika nzi wa matunda, na ulimwengu ukaisikia habari ya saa za viumbe. Ningependa jina la Beatrice Sweeney lisikike zaidi kuliko linavyosikika. Alifariki mwaka 1989. Hastings alifariki 2014.

Usiku mmoja nilibaki hadi umati ukaisha. Baada ya saa 6 ufuko ulikuwa wetu wachache. Nuru ilikuwa katika upeo wake: ukichovya kidole, duara la bluu linapanuka, ukiutoa mkono majini, punje zinatiririka kwenye vidole na kuzimika moja moja. Nilirudi tena saa 11 za alfajiri, kabla mashariki hakujapauka. Giza lilikuwa bado kamili. Mawimbi yaliwaka, lakini kwa unyonge, mabaka hapa na pale, si ule mstari uliokimbia kutoka pembe hadi pembe. Hakuna mwanga wa jua uliokuwa umeyagusa. Kule majini zamu ilikuwa inabadilishana. Mwanga wa kwanza ulipofika juu ya magenge, wekundu ulikuwa tayari unakusanyika nyuma ya mapovu.

Mzee wa Barawa alipoitaja pwani yake nilikumbuka jambo jingine, nalo si la kuchanganywa na hili. Januari 1995, meli ya Uingereza iitwayo Lima ilipita mashariki ya Somalia na kukuta bahari nzima inang'aa weupe, bila wimbi wala kutikiswa, upeo hadi upeo. Miaka kumi baadaye Steven Miller na wenzake walizitafuta picha za setilaiti za tarehe zile na kuiona nuru hiyo kutoka angani, eneo la takriban kilomita za mraba 15,400, usiku tatu mfululizo. Ile inadhaniwa kuwa kazi ya bakteria, nao huwaka mfululizo, hawangoji kuguswa wala hawafuati ratiba ya mchana na usiku. Kwa hiyo si kila kinachowaka baharini kina saa, na mtu mwenye macho anaweza kuzitofautisha: kinachomulika ukikigusa ni kimoja, kinachong'aa chenyewe ni kingine.

Mwisho wa maji yale haukuwa mzuri. Mwanzoni mwa Mei harufu ilizidi, povu la kahawia likarundikana ufukweni, na ukaanza kuona samaki waliokufa, hasa katika ghuba na bandari ambako maji hayazunguki vizuri. Seli zilipokufa kwa mamilioni, bakteria walizila na kuimaliza oksijeni iliyokuwa majini. Niliona samaki wa chini, wale wa matopeni, wakiwa wamelala ubavu kwenye ukingo wa maji, na ndege wakipita bila kuwagusa. Iliniuma. Waliokuja kwa ajili ya bluu hawakurudi kuyaona haya, lakini nayo ni sehemu ya habari ile ile: kilicholisha macho usiku ndicho kilichoifunga pumzi ya bahari.

Yaliyotokea yamejulikana kwa sababu mtu alikuwa akipima. Kwenye gati la Scripps joto la maji limepimwa kila siku tangu mwaka 1916, watu wakiteremsha chombo na kuandika tarakimu, vizazi vinapokezana. Maji ya hapo huchukuliwa pia ili kuhesabiwa planktoni. Gati lile halina uzuri wa kuandikiwa, ni saruji na mabomba, lakini nililiheshimu kuliko nyumba zote za kilimani.

Pwani yetu, kutoka Lamu hadi Mtwara, ina watu wanaolala baharini kila giza la mwezi, wakivua dagaa kwa taa au kutega nyavu. Wao wameyaona maji yakiwaka mara nyingi kuliko mtafiti yeyote. Ndugu msomaji, ukiwa Tanga, Kilwa, Mafia, Pemba au Malindi, na maji yakawaka mbele yako, usiishie kupiga picha. Jaza chupa mbili, uifunge moja kitambaa cheusi kabla hakujapambazuka. Zitikise gizani mchana na usiku, na uandike ulichokiona: tarehe, saa, mahali, mwezi una siku ngapi, ni kusi au kaskazi. Huenda majibu ya kwetu yakawa tofauti na ya La Jolla, maana viumbe vyetu si lazima viwe vile vile. Mwalimu wa sayansi afanye hivyo na wanafunzi wake. Kisha maandishi hayo yapelekwe kwa watu wa kazi hiyo, Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, au Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, Mombasa. Na kabla ya yote muulize mvuvi mzee aliye karibu nawe, maana usiku wake wa baharini haujaandikwa popote.